Bonyeza, Mbili, Tatu

Nilimchukia yule mdoli. Alikuwa wa plastiki, anajazwa maji ili uzito wake ukaribie wa kichanga, na kwa wiki nzima ya mafunzo ya ukunga nilishinda naye mezani, kinyago usoni pake, ambu, ule mfuko wa kubonyeza unaosukuma hewa kupitia kinyago, mkononi mwangu. Bonyeza, mbili, tatu. Bonyeza, mbili, tatu. Mdundo huo unampa mtoto pumzi kama 40 kwa dakika. Mwalimu wetu naye alikuwa na uchokozi wake: ukishakolea, anaangusha sinia la vifaa sakafuni, au anakuuliza jana ulikula nini. Mkono ukisimama ili ujibu, unaanza upya. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wangu, niliona tunachezewa.

Miezi kadhaa baadaye nikawa zamu ya usiku. Mama mmoja alikuwa amesukuma kwa muda mrefu, na mtoto alipotoka, kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Nikakivua. Mtoto akanilalia mikononi, kalegea, rangi ya bluu, kimya.

"Sista, mbona halii?"

Sikumjibu. Tayari nilikuwa namkausha na kumsugua mgongo. Nguo mbichi ikatupwa, kavu ikashika nafasi yake. Bado kimya. Tulifundishwa kwamba mtoto asiyepumua aanze kupewa hewa kabla ya dakika moja tangu azaliwe, ile inayoitwa dakika ya dhahabu. Nikabana kitovu, nikakata, nikamlaza mezani, kichwa nimekirudisha nyuma kidogo, mithili ya mtu anayenusa kitu. Kinyago kikaanzia kidevuni, kikafunika mdomo na pua.

Bonyeza. Kifua hakikupanda.

Mdoli hana ule utando mweupe unaoteleza kama mafuta. Kinyago kilikuwa kinahama na hewa inavuja pembeni, naisikia kabisa ikipiga fyuu. Hapo ndipo ningetarajia kuchanganyikiwa, maana mimi ni mtu wa kuchanganyikiwa. Funguo zikipotea tu nyumbani hapakaliki. Lakini nilipotazama, kidole gumba na cha shahada vilishapiga duara juu ya kinyago, na vitatu vilivyobaki vimeingia chini ya mfupa wa taya, vinauvuta juu. Sikuviamuru. Nikabonyeza tena, wapi! Nikatoa kinyago, nikanyonya ute, mdomoni kwanza kisha puani, nikamfungua mdomo kidogo, nikarudisha kichwa sawa, kinyago, taya.

Bonyeza. Safari hii kifua kikainuka, kidogo tu, kama mfuniko wa sufuria unaosukumwa na mvuke.

Mbili, tatu.

Mwenzangu alinisimulia baadaye kwamba katikati ya hayo aliniuliza glovu za akiba ziko wapi, nami nikamwambia droo ya pili kushoto, tena kwa sauti ya kawaida kabisa. Zilikuwemo. Mimi sikumbuki kuulizwa. Ninachokumbuka ni mguu mmoja wa mtoto kujikunja, halafu uso kukunjamana, halafu sauti nyembamba ya hasira, kama ya paka aliyebanwa na mlango. Ningeapa ilipita robo saa. Fomu inasema alianza kupumua mwenyewe dakika ya tatu.

Ile fomu ilijazwa na mwenzangu. Nilipoishika kalamu, vidole vilevile vilitetemeka hata nikashindwa kuandika saa.

Ndipo nikasikia mtu anahesabu. Kumbe muda wote nilikuwa nikihesabu kwa sauti, na yule mama akawa ananifuatisha kutoka kitandani kwake, akidhani labda ndiyo kazi aliyopewa. Mtoto tumeshamfunika, analia kwelikweli, mimi nimenyamaza zamani, naye bado yumo, macho kayafumba, kashika chuma cha kitanda: "Bonyeza, mbili, tatu. Bonyeza, mbili, tatu." Hakuna aliyekumbuka kumwambia aache.