Usiku moshi uliposhuka bondeni

Juni 2003 nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo nyumbani Njombe, enzi hizo bado wilaya ya mkoa wa Iringa. Ada ya bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na nusu ya pili ilitakiwa shule ikifunguliwa Julai. Baba alikuwa Mufindi, kibarua kwenye mashamba ya chai, na pesa yake ilikuwa haijafika. Kwa hiyo ada yangu ilikuwa ardhini, kwenye kinyungu cha mama: matuta 14 ya viazi mviringo, aina ya Kikondo, na maharage mekundu pembezoni.

Kinyungu, kwa asiyekulia kwetu, ni shamba la bondeni. Mvua zikikatika na udongo wa mlimani ukikauka, watu hushuka kwenye ardhi chepechepe, wakachimba mifereji na kuinua matuta katikati yake. Ndicho kinachotulisha kiangazi. Lakini bonde hilohilo linalotunza maji hukusanya na baridi. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka mlimani polepole kama maji, ikajaa chini na kutuama. Kwetu, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, unatosha usiku mmoja wa Juni au Julai usio na wingu wala upepo, na asubuhi unakuta sakitu, ule unyevu ulioganda mweupe juu ya majani. Wengi tuliiita barafu tu.

Mwaka huo mama alichelewa. Mbegu aliyoahidiwa ilikuja wiki tatu nyuma ya wakati, akapanda Aprili imeshaanza. Kikondo kwa baridi yetu huhitaji kama miezi minne, na wiki ile ya mwisho ya Juni hata mitatu ilikuwa haijatimia.

Siku tatu mfululizo anga lilikuwa limetakata. Siku ya nne, lori la dalali likasimama barabarani, na jirani yetu akaanza kuchimba tangu alfajiri na wanawe wote. Nilimkuta mama anakoka moto, nikamwambia na sisi tuchimbe, barafu ikija tutakosa vyote.

"Tukaviulize vyenyewe kwanza," akasema.

Tulishuka na bibi, mama yake baba. Mama akachimba shina moja tuta la juu, moja la katikati, moja la chini kabisa karibu na mto, akavipanga viazi juu ya gunia kwa mafungu matatu. Vya juu vilijaa kiganja. Vya katikati vilikuwa vya wastani. Vya chini vilikuwa kama mayai ya kuku, vingine vidogo zaidi. Kisha akachukua kimoja kimoja, akakisugua kwa dole gumba. Cha juu ganda lilishika, likachubuka kidogo tu pembeni. Cha chini ganda liliteleza lote kama ngozi ya kidole kilichoungua, na nyama ikabaki nyeupe, inatoa maji.

"Hivi havijamaliza kula," akasema. "Ukivichimba leo umevinyang'anya chakula mdomoni. Na ganda hili halifiki Makambako. Vitaozea guniani."

Nikauliza, je, barafu ikija? Jibu lake sijalisahau, kwa sababu lilibadilisha kabisa nilivyokuwa nikiliona shamba lile. Barafu huua majani, akasema. Kiazi kilichofunikwa vizuri haikifikii. Majani yakifa kiazi hakikui tena, lakini hakipotei: kinabaki kimelala, ganda linakomaa. Tukichimba leo kwa hofu, tunajifanyia wenyewe kilekile ambacho barafu ingetufanyia, tena kabla haijaja, na kwa ganda bichi. La kuogopa ni viazi vilivyochungulia nje ya tuta. Hivyo ndivyo vitakavyoungua.

Bibi alikuwa kimya, yuko kwenye maharage. Maharage hayana pa kujificha. Alipasua ganda moja la njano, akatuonyesha punje: nyekundu tayari, ingawa ukucha bado ulizama kidogo. "Hii imeshapata rangi yake. Iliyobaki ni kukauka tu, na hata kwenye upenu itakauka." Akapasua jingine, la kijani, punje ndani zimepauka. "Hii bado mtoto. Tutaila."

Basi kazi ikagawanyika hivyo. Bibi aling'oa mashina ya maharage yaliyopata rangi, na mizizi yake, akayafunga mafungu ya kuning'iniza upenuni. Ya kijani aliyachuma ya mboga. Mimi na mama tukashika majembe kuinulia viazi udongo, kuanzia chini kwenda juu. Kila kiazi kilichoonyesha mgongo tulikifunika. Kufika alasiri viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na kule ng'ambo magunia ya jirani yalikuwa yanashonwa kwa lumbesa, ile nundu ya viazi juu ya gunia anayoichukua mnunuzi bila kuilipia. Sijawahi kuizoea lumbesa mpaka leo. Ni jasho la mtu limebebwa mchana kweupe.

Jioni bibi alisimama uani akitazama majiko ya majirani. Siku nyingine moshi hupanda na kupotea juu ya miti ya miwati. Jioni ile ulitoka paani, ukalala, ukaanza kuteremka bondeni, mwembamba na bapa kama shuka lililotandikwa.

"Angalia moshi, mjukuu wangu," akasema. "Ukishuka hivi, baridi imeshatangulia."

Redio ilikuwa imetaja nyuzi joto za Iringa, lakini Iringa mjini si kinyungu chetu. Nililala na soksi, na sikulala.

Asubuhi tulishuka watatu kabla ya jua. Nyasi zilivunjika chini ya viatu. Kwenye mfereji wa chini niliokota kipande cha barafu chembamba kama kioo cha saa, kikayeyuka kidoleni. Majani ya viazi yalikuwa meupe kwenye kingo, kila mshipa umechorwa, na kusema kweli yalipendeza. Kisha jua likapanda juu ya mgongo wa mlima. Weupe ukaisha, majani yakawa kijani kizito kilicholowa, yakalegea, na kufika saa nne yalikuwa meusi. Bonde zima lilinuka kama mchicha unaochemka.

Lakini kwetu halikuungua shamba lote. Matuta sita ya chini yaliungua. La saba liliungua nusu. Kuanzia la nane kupanda, majani yalisimama kama jana, na mpaka wenyewe ulinyooka kana kwamba mtu amepiga rula. Baridi ilijaa mpaka pale, ikaishia pale.

Mama hakusema neno. Alipiga magoti tuta la tatu, akaingiza mkono kwenye udongo tuliouinua, akatoa kiazi. Kilikuwa kigumu, kizima. Akakisugua, ganda likateleza bado. Akakirudisha, akakifunika kwa viganja viwili kama anayemfunika mtoto.

Tulisubiri wiki mbili. Shule ilifunguliwa nikiwa bado nyumbani, na hilo liliniuma. Tulipochimba, ganda lilikuwa limeshika. Magunia ya matuta ya chini yalikuwa machache kuliko mama alivyohesabu alipopanda. Ya juu tuliyaacha yaendelee. Nilikwenda shule na sehemu tu ya nusu ile ya ada na barua ya mama kwa mwalimu mkuu, akanipokea.

Viazi vya ukubwa wa yai, vile ambavyo dalali hakuvitaka, mama hakuviuza. Alivitandaza uvunguni mwa kitanda chake, gizani. Niliporudi likizo ya Septemba vilikuwa vimetoa macho mafupi ya zambarau, na wanawake wawili wa jirani walikuwa uani na vikapu, wamekuja kutafuta mbegu.