Kola Mbili kwa Ekseli Moja

Novemba 2009 mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza Karatu, na trekta ya mjomba, Massey Ferguson 135, ikagoma. Gurudumu la nyuma la kulia lilicheza kama jino la mtoto, na breki ya upande ule haikushika kabisa. Dalili hizo mbili zikija pamoja, usihangaike na breki. Beringi ya nje imekwisha, ekseli inayumba, sili (pete za kuzuia oili isivuje) zinapanuka, grisi na oili vinamwagikia viatu vya breki. Kununua viatu vipya hapo ni kutupa pesa.

Kabla ya jeki tulipiga kabari za mbao pande zote mbili juu ya ekseli ya mbele. Ekseli hiyo imeshikwa na pini moja katikati, kwa hiyo ukiinua nyuma upande mmoja bila kabari, mwili mzima wa trekta unaweza kulala. Upande wa kulia tuliuinua kuliko ilivyohitajika, makusudi, ili oili ikimbilie kushoto. Kwenye 135 oili ya difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) ndiyo hiyo hiyo ya gia na haidroliki. Kuimwaga yote kwa sababu ya sili moja ni hasara. Kisha magogo chini ya ekseli, maana jeki peke yake haiaminiki.

Tairi lilikuwa limejazwa maji, kwa hiyo hatukulibeba: tulilitelezesha juu ya bati lililopakwa grisi. Dramu ya breki ikatoka, viatu vikafuata, kisha nati za bamba la breki, na shafti, ile nondo ya ekseli inayozungusha gurudumu, ikavutwa nzima pamoja na beringi yake. Shimu, yaani bati nyembamba za kurekebisha nafasi ya shafti, tulizifunga waya papo hapo. Shafti mbili zinakutania ndani ya difu, hivyo shimu za upande mmoja hugusa upande wa pili pia. Zikipungua, beringi zinabanwa na kuungua. Zikizidi, ekseli inagonga kila ukikata kona.

Beringi huzuiwa na kola, pete ya chuma iliyoingizwa kwenye shafti ikiwa ya moto. Haivutwi kwa nyundo. Tuliikata kwa grainda tukaacha kama milimita moja, halafu tindo likaipasua. Diski ikigusa shafti, mkwaruzo ule ndio mwanzo wa ufa.

Hapo ndipo tulipoona kilichoiua beringi. Beringi, ambayo hutakiwa kuingia kwa presi, ilichomoka kwa mkono. Chini yake chuma kilikuwa na vishimo na rangi ya samawati: fundi fulani wa zamani alijaza kwa welding kisha akachonga kwenye leiti. Chuma cha ekseli kimepikwa kiwe kigumu. Joto la welding hukiharibu, na pembeni mwa ule mshono hukatika. Tuliosha kwa dizeli, tukafuta, tukapaka chaki, tukagonga. Mstari mweusi wa oili ukajichora nusu ya mzunguko. Wiki moja zaidi ya plau na gurudumu lingebaki shambani.

Shafti nyingine ilitoka kwa wauza skrapa Arusha. Ya kwanza tuliikataa kwa sababu meno yake ya kuingia kwenye difu yalikuwa yamejisokota kidogo, alama ya tela lililozidishiwa mzigo. Ya pili ilikuwa na meno yaliyonyooka, na chaki haikuonyesha kitu.

Kuunga kuna mpangilio usiosamehe: bamba likiwa na sili yake ya nje, kisha beringi iliyojazwa grisi, kisha kola. Kola tuliipasha mpaka rangi ya nyasi kavu, ikashuka vizuri, tukaishikilia kwa bomba hadi ikakamata beringi. Kisha mtu akauliza ile sili juu ya meza ni ya nini. Grainda tena, tindo tena, na safari nyingine ya Arusha kutafuta kola.

Mara ya pili sili ya nje iliingia kwanza. Sili ya ndani tuliigeuza mdomo uelekee difu, tukaipaka oili ili meno ya shafti yasiuchane yanapopita. Shimu zile zile zilirudi. Shafti ilizunguka kwa mkono, ikicheza kidogo tu, kama unywele.

Saa ya kwanza ya kulima tuligusa habu, kitovu cha gurudumu: vuguvugu. Nati za gurudumu tulizikaza jioni ile, na siku ya tatu mbili kati yake bado zilikubali robo mzunguko.