Kumbukumbu ya mradi: i7 ya laptopu iliyoganda 0.79 GHz

Imekubali! Baada ya jioni nne, laptopu yenye prosesa ya Intel i7-8550U imetoka kwenye 0.79 GHz, na sasa kuilinganisha na desktopu yenye i5-8500 kuna maana. Kosa halikuwa joto, wala Windows, wala prosesa yenyewe. Ni uzi mmoja mwembamba ndani ya waya wa chaja.

Prosesa mbili hizi zimechaguliwa makusudi kwa kuwa ndani ni ndugu. Zote zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14 na kori zake, yaani vitengo vya kupiga hesabu, zina usanifu uleule, kwa hiyo zikienda kasi moja, kori ya laptopu inafanya kazi karibu sawa na ya desktopu. Zinapoachana ni kwenye idadi ya kori na wati. i5 ina kori 6 bila nyuzi za ziada ("threads", yaani kori moja kushika kazi mbili kwa pamoja), wati 65. i7 ina kori 4 zenye nyuzi 8, wati 15. Wauzaji wa kompyuta za mtumba hapa Mombasa wanakusomea "i7" kwa sauti. Ile U ya mwisho, alama ya prosesa ya wati chache, wanaimeza.

Sasa lile balaa. Cinebench R23, programu ya kupima nguvu ya prosesa, ikianza tu, kasi inabaki 0.79 GHz, joto likiwa 52°C. Kwa chumba cha nyuzi joto 31 na unyevu wa Machi, mtu atashuku joto kwanza. Basi ikafunguliwa. Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na vumbi lililoshikana na unyevu mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Vumbi la aina hiyo halipulizwi kwa nje, utalikandamiza tu. Toa feni, livute kwa kibanio, na ukipuliza shika mapanga yasizunguke. Pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mchele. Joto likashuka hadi 46. Kasi? 0.79 ileile.

HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya ndani, ndiyo iliyosema kweli: mstari wa "IA: PROCHOT", ishara ya kuibana prosesa, ulikuwa Yes huku prosesa ikiwa baridi. Maana yake si prosesa inayolalamika. Kuna kitu kingine kwenye ubao kinachoishurutisha ijibane. Na dalili ilikuwa mbele ya macho tangu siku ya kwanza: betri imeganda 61% hata chaja ikiwa imechomekwa, na chaja ikichomolewa kasi inarudi. Jioni tatu zimeenda bure kwa kutotazama alama ya betri!

Chaja ya laptopu hii ina sindano katikati ya kichwa. Sindano hiyo haipitishi umeme wa kuendeshea mashine, ni njia ya data: ndani ya chaja kuna chipu ndogo inayoiambia laptopu "mimi ni ya wati 65". Isiposikika, laptopu inajiona iko kwenye chaja isiyojulikana, inaacha kuchaji na inabana prosesa. Mita ya umeme inakudanganya hapa, maana inasoma volti 19.5 safi kabisa. Ukikata waya sentimita 5 nyuma ya kichwa utakuta nyaya tatu, mbili nene na moja nyembamba. Kupima kutoka sindano hadi ile nyembamba, mita kimya. Imekatikia shingoni, pale waya unapokunjwa kila siku.

Dawa ni kichwa kipya chenye mkia wake, nyaya tatu zilehemiwe, kila moja ivalishwe mpira wake wa kubana kwa moto. Usiamini rangi, pima kila waya unaishia wapi. Volti 19.5 ikigusa njia ya data, chipu inaungua na pengine ubao pia.

Najua wapo watakaosema ondoa tiki ya BD PROCHOT (ruhusa ya ubao kuibana prosesa) kwenye ThrottleStop, programu ya kurekebisha mipaka ya prosesa, yaishe. Inafanya kazi, kweli, na kwa kupima chanzo hakuna programu bora. Lakini kuiacha hivyo siku zote ni kuzima king'ora: njia hiyohiyo hutumiwa pia na sehemu za umeme za ubao kuomba nafuu zikipata moto. Na betri bado haitachaji.

Baada ya hapo, dakika 10 za Cinebench: i7 inaruka hadi 3.7 GHz kwenye kori zote, inashikilia sekunde 28, kisha inateremka hadi 2.4 na kukaa hapo. i5 inashika 3.9 mwanzo hadi mwisho. Piga hesabu: 6 × 3.9 ni 23.4; 4 × 2.4 ni 9.6, na hata ukiiongezea robo kwa ajili ya zile nyuzi inafika 12. Nusu tu, na hii ndiyo "i7". Kwa kazi fupi, kufungua kurasa au jedwali, huoni tofauti, kwa sababu zile sekunde 28 zinatosha.

Mpango ulikuwa kuendelea na 7-Zip, programu ya kubana mafaili inayojali RAM kuliko Cinebench, kisha kubadili muundo wa video. Vimewekwa kando kwanza. Wazo limekuja: je, i5 ikinyimwa wati? Dirisha la TPL la ThrottleStop, la kuweka kikomo cha wati, limeiwekea 15, sawa na laptopu, na tayari imeporomoka chini ya 3.0, kasi yake ya msingi. Dakika ya nne sasa, feni ya desktopu haisikiki kabisa.