Kitwitwi wa Siku ya Tatu

Jumamosi iliyopita, matatu ilipopita Njiru kuelekea Ruai, abiria walianza kufunga madirisha mmoja baada ya mwingine bila kuambizana. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mabwawa. Mama aliyekaa mbele yangu alivuta leso akaziba pua. Mimi nikafungua dirisha langu. Kijana wa pembeni alinigeukia, nikamwomba anivumilie mpaka steji inayofuata tu. Nisingeweza kumweleza pale. Harufu ile ya maji taka yaliyopigwa na jua, kali puani kama mkojo wa popo darini, kwangu ni harufu ya Oktoba, ya ndege wanaofika kutoka kaskazini, na ya Mjomba.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya korona. Ujumbe uliingia kwenye simu jioni ya Jumanne, nikiwa nimeshatoka kazini: kwenye mabwawa ya maji taka ya Dandora, yale yaliyoko Ruai, kulikuwa na kitwitwi, wale ndege wadogo wa ukingoni mwa maji, asiyetakiwa kuwa hapo. Ameonekana tangu Jumatatu. Kulikuwa na picha moja ya ukungu, doa la kahawia kando ya doa la kijani, lakini aliyeituma ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akikosea. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa.

Mwenye mazoea ya ndege ataelewa. Kenya ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na sisi wa matembezi ya Jumatano, tunaokutana pale Makumbusho ya Taifa saa tatu kasorobo asubuhi, tumezoea wingi huo kama mtu alivyozoea majirani zake. Lakini huyu hakuwa jirani. Vitabu vinamwita Calidris melanotos. Huanguliwa kwenye nyanda baridi za Aktiki, kuanzia Siberia mpaka Alaska na Kanada, na msimu wa baridi ukikaribia hushuka Amerika Kusini, mpaka kwenye nyasi za Argentina. Hata wale wa Siberia, ambao wangeweza kushuka moja kwa moja huku kwetu, wengi wao huzunguka kupitia Amerika. Hapa Kenya ameandikwa mara chache sana. Na sasa mmoja wao alikuwa kilomita thelathini hivi kutoka katikati ya jiji, anakula minyoo kwenye matope yetu.

Usiku huo nililala kwa Mjomba, Kayole, ili nisichelewe. Mjomba alikuja Nairobi kwa gari moshi akiwa na miaka 17, akasema atakaa mwaka mmoja, na hiyo miaka ikawa hamsini na kitu. Nilipomwambia naenda kumwona kitwitwi, aliweka kikombe cha chai chini.

"Kitwitwi? Huku bara?"

"Huku bara, mjomba."

"Basi kesho tunaenda wote."

Sikutarajia. Miaka yote ile nilikuwa nikimwonyesha picha, akizitazama kwa adabu tu, kama mtu anavyotazama picha za harusi ya watu asiowajua. Lakini neno lenyewe, kitwitwi, lilimgusa. Kwao ni Mambrui. Utoto wake wote ulikuwa pale Sabaki inapoingia baharini, na vitwitwi ndio waliokuwa wakikimbia mbele ya mawimbi, maelfu kwa maelfu, akiwatega na wenzake kwa vitanzi vya nyuzi. "Hatukuwahi kuuliza wanatoka wapi," aliniambia usiku ule. "Tulidhani wanazaliwa na povu la bahari."

Asubuhi tulifika langoni saa moja. Habari ya vibali na kusubiri naiacha. Tulikuwa watu saba, wengine wamekimbia matembezi ya kawaida ya Jumatano ili waje, na askari wa zamu alitusindikiza akituonya tusikaribie majani marefu kwa sababu ya viboko. Jua lilikuwa bado liko chini. Yale mabwawa ni makubwa kuliko mtu anavyodhani akiwa barabarani. Ni maji juu ya maji, yametenganishwa na kuta za udongo ambazo unaweza kutembea juu yake, na kila bwawa lina rangi yake kulingana na hatua maji yaliyofikia: jeusi, la kijivu, la kijani kibichi, mpaka lile la mwisho lililo karibu na rangi ya maji ya kweli. Bata walikuwa wengi hata sikuhesabu. Heroe walisimama mbali, mstari wa waridi. Wale korongo wenye vipara, wanaolala juu ya migunga ya Barabara ya Mombasa, walikuwa wameketi ukutani kama wazee wa baraza.

Mzee wa kundi letu alisimamisha darubini ya miguu mitatu kwenye kona ya bwawa la nne, akaanza kupekua ukingo wa matope polepole. Palikuwa na vitwitwi wakubwa wenye shingo ndefu wasiopungua mia mbili, wale wanaotoka Ulaya ya kaskazini na Siberia na kujaa kwenye maji yetu kila mwaka. Majike yao yanafanana sana na huyo tuliyekuwa tukimtafuta. Ndiyo maana watu hupita mahali kama pale mara kumi bila kujua walichopita.

Dakika arobaini, bila kitu. Kisha mzee akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Haya." Akaondoka kwenye darubini, akanipisha.

Nataka kumweleza vizuri, kwa sababu nilimwona vizuri.

Alikuwa peke yake, hatua chache kutoka kwa kundi, mahali matope yalipokuwa yameota nyasi fupi. Hakuwa mkubwa. Mgongo wake ulikuwa mweusi wenye kingo za rangi ya kutu, kila nyoya limepigwa pindo lake, na juu yake mistari miwili myeupe iliyoshuka ikakutana kama herufi V. Huo ni mgongo wa mtoto wa mwaka huohuo. Miguu ilikuwa ya manjano yenye ukijani kidogo. Mdomo umepinda chini kwa mbali sana, mwanzo wake umepauka. Lakini kilichonifanya nishike pumzi ni kifua. Michirizi ya kahawia, myembamba, imesongamana kutoka shingoni, ikashuka, ikashuka, halafu ghafla ikakatika kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake tumbo likawa jeupe pe. Kama mwanamke aliyefunga kanga kifuani, pindo likaishia pale na lisipite hata uzi mmoja.

Alichoma mdomo kwenye matope, akautoa, akapiga hatua tatu, akasimama wima na kuinua shingo. Kisha akaendelea. Tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye ncha ya mdomo wake na jua likaingia ndani ya lile tone. Nililiona likidondoka.

Nilimwita Mjomba. Nilimshika bega, nikamwonyesha pa kuweka jicho. Alikaa pale muda mrefu hata mmoja wetu akakohoa. Aliponyanyua kichwa jicho lake lilikuwa na machozi, labda ya kukodoa, sijui.

"Huyu ni mtoto," alisema.

"Ndiyo, mjomba. Ana miezi mitatu tu."

"Na mama yake yuko wapi?"

Nikamweleza ninachokijua. Kwamba baba huondoka mapema, hata mayai hayajaanguliwa. Mama hulea peke yake, naye hutangulia kuondoka. Watoto hubaki nyuma wakinenepa, kisha huanza safari bila mkubwa wa kuwaonyesha njia, kwa sababu njia yenyewe huzaliwa nayo. Na mara moja moja ile njia iliyo ndani ya mtoto inakuwa imepinda, au upepo unamshika juu ya maji makubwa, naye anafika mahali ambapo hakuna wa kwao. Nilimwambia pia habari ya wanasayansi waliowapima madume huko Alaska wakati wa kutafuta majike, wakakuta mmoja wao amekuwa macho asilimia 95 ya muda kwa siku 19. Mjomba, aliyekesha miaka mingi akilinda ghala kule Eneo la Viwanda, alitikisa kichwa. "Basi huyo ni askari mwenzangu."

Akarudi kwenye darubini. Akiwa ameinama hivyo, bila kunitazama, akauliza, "Leo siku yake ya ngapi hapa?"

"Ya tatu."

"Mgeni siku mbili," alisema, na watu wawili watatu wakamalizia pamoja naye: siku ya tatu mpe jembe. Tukacheka kwa pumzi tu, ili tusimshtue.

Kilichofuata nimekirudia kichwani mara nyingi. Ndege adimu namna hii haingii kwenye kumbukumbu za nchi kwa maneno matupu. Iko kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki ambayo hupitia maelezo na picha, na huulizwa maswali, na ndivyo inavyopaswa. Picha tulizokuwa nazo zilikuwa za mbali. Ule mstari wa kifua haukuonekana wazi. Nilikuwa na kamera, na kati yangu na yeye kulikuwa na ukuta mfupi wa udongo. Mzee wa kundi alisema tungoje, atasogea mwenyewe. Mjomba alisema, "Mwache ale kwanza, mwanangu. Ametoka mbali."

Niliwasikia wote wawili. Nikashuka ukutani, nikainama, nikapiga hatua kumi. Nikasimama. Nikapiga nyingine tano.

Wale mia mbili waliruka kwanza, wote kwa pamoja, kama shuka iliyokung'utwa. Yeye alibaki sekunde moja zaidi. Alijibana kwenye nyasi na kunitazama kwa jicho moja, na katika sekunde ile nilibonyeza kamera mara moja tu. Kisha akatoa sauti ya kukwaruza, nzito kuliko mwili wake, akapaa. Hakuwafuata wengine, ambao walizunguka bwawa na kutua upya upande wa pili. Yeye alipanda juu, akapita juu ya ukuta wa mwisho, pale maji yanapoachiliwa kuingia Mto Nairobi, akaelekea mashariki. Tulimfuata kwa darubini za mkono mpaka akawa nukta, mpaka nukta nayo ikaisha.

Hakuna aliyenilaumu. Mzee wa kundi alikunja miguu ya darubini kimyakimya, na kimya hicho sijakisahau. Picha ilikuwa na ule mstari wa kifua, wazi kabisa. Nyuma yake kuna nyasi tu.

Saa tano alifika mtu kutoka Nakuru. Alikuwa ameomba ruhusa kazini na kupanda gari alfajiri. Alitandaza koti lake juu ya ukuta akakaa, na alikuwa bado amekaa hapo tulipoondoka alasiri. Aliniuliza ndege ameruka kuelekea wapi, nikamwonyesha mashariki. Hakuuliza kwa nini ameruka, na mimi sikumwambia. Tumekutana mara nyingi tangu hapo, tumegawana chai na mandazi. Sijamwambia mpaka leo.

Njiani kurudi Kayole, Mjomba alikuwa amekaa dirishani. Tulipovuka daraja alinigusa goti.

"Haya maji yanakwenda wapi?"

Nilidhani anajua. Nikamwambia: Mto Nairobi unaingia Athi, Athi ikifika chini inaitwa Galana, na Galana ikikaribia bahari inaitwa Sabaki.

Aligeuka akanitazama. "Sabaki yetu?"

"Sabaki yenu, mjomba. Inatokea hapo hapo Mambrui."

Miaka hamsini alikuwa akiishi kando ya maji yanayokwenda kwao. Hakusema neno mpaka tuliposhuka. Pale steji, kabla hata hatujavuka barabara, akatoa simu akampigia mjomba mdogo, ambaye hakuondoka Mambrui. Nilimsikia akipaza sauti juu ya honi za matatu: "Sikiliza. Kuna kitwitwi mmoja anakuja huko. Mtoto. Miguu yake ya manjano, kifua amefunga kanga. Asitegwe. Waambie na hao watoto, huyo asitegwe."

Mjomba alizikwa Mambrui mwaka wa pili wa korona. Kwenye mazishi nilishuka mpaka mdomo wa mto, maji yalikuwa ya udongo mwekundu, na vitwitwi walikuwa wakikimbia mbele ya mawimbi, nikashindwa kuwatazama kwa darubini.

Jumamosi iliyopita, nilipofika nyumbani na ile harufu bado kwenye nguo, nilimpigia mjomba mdogo. Nikaamkia, akaitika, tukaulizana hali za watu. Kisha akasema bila mimi kuuliza, "Wamefika. Tangu wiki jana, mchanga wote umejaa."

Nikamuuliza kama amemwona yeyote mwenye miguu ya manjano.

Akanyamaza kidogo. Nilisikia upepo kwenye simu. Akasema bado, lakini kesho maji yakipwa atatoka mapema akaangalie.