Usiku Mmoja katika Kibanda cha Mlimani

Tulianza kupanda saa mbili asubuhi, marafiki wanne, tukijua kwamba siku za majira ya baridi ni fupi na kwamba kila unapopanda mita 1,000 joto la hewa hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 za selsiasi. Theluji ilitufika magotini, hivyo tulipokezana kutangulia, kwa kuwa anayefungua njia ndiye anayechoka kuliko wote.

Kibanda tulikifikia giza likianza kuingia, mlango wake ukiwa umezibwa na theluji, tukaichota kwa koleo. Ndani kulikuwa na baridi ileile ya nje. Mwenzetu mmoja alipiga magoti mbele ya jiko la kuni, akachonga vijiti vyembamba kwa kisu huku vidole vikimtetemeka, akavipanga kimoja kimoja mpaka moto mdogo ukashika, nasi sote tukanyamaza kuutazama. Tulijaza sufuria theluji pomoni, lakini ilipoyeyuka ilitoa maji ya kufunika kitako tu, tukarudia kazi hiyo mara nyingi. Dirisha tuliliacha wazi kidogo, jambo ninalolisisitiza sana, maana kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotokana na moto wa kuni, haionekani wala hainuki.

Chupa tulizisimamisha kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda upande wa juu, na kizibo kikiganda hakifunguki. Usiku wa manane niliamka kuongeza kuni, nikawasikia wenzangu wakikoroma taratibu huku upepo ukivuma juu ya paa, nikakaa karibu na jiko kwa muda mrefu bila kutamani kurudi kulala.