Wifi, hiyo rozari niachie

Wifi yangu ameokoka, na kila akija Songea lazima tugombane kidogo kuhusu rozari. Safari hii ameikuta Oktoba, mwezi wa rozari, jumuiya yetu ya Wakatoliki majirani inazunguka nyumba kwa nyumba kila jioni kuisali, basi amepata la kusema. "Wifi, mnapayuka-payuka tu kama watu wa mataifa. Mathayo sita, mstari wa saba." Pale mezani nilinyamaza, kaka yake alikuwa anakula.

Mstari naujua. Unawasema wanaodhani watasikiwa kwa sababu ya wingi wa maneno. Lakini ukiendelea na Mathayo huyo huyo hadi sura ya 26, unamkuta Yesu Gethsemane anakwenda kuomba mara ya tatu, "akisema maneno yale yale". Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mstari unamalizia kwa fadhili zake za milele. Tena nimewahi kwenda na wifi kwenye mkesha kanisani kwao. "Asante Yesu" peke yake tuliisema mpaka sauti zikakauka, na nilibarikiwa kwelikweli. Sikumwuliza mtu mbona mnarudia.

Kuhusu Bikira Maria sitasema mengi. Mwanzo wa Salamu Maria, sala tunayoirudia kwenye rozari, ni maneno ya malaika na ya Elizabeti, yako Luka sura ya kwanza. Mwisho wake tunamwomba atuombee. Wifi naye kila wiki anampigia mchungaji wake simu amwombee biashara.

Kuna mahali anapopatia, lakini. Siku nyingine anayetuongoza anazikimbiza Salamu Maria zote 53 kama konda anayewahi abiria wa mwisho, na sisi tunaitikia huku tunawaza mboga iliyo jikoni. Hilo namwachia alisema.

Ila yeye anakaa mbali, kuna mambo hakuyaona. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alipopigwa kiharusi, mimi ndiye niliyekuwa naye. Maneno yalimpotea. Akitaka maji anasema "mlango", halafu anajua amekosea, analia kwa hasira. Jina la mwanawe hakuweza kulitaja. Jioni moja nikaanza rozari pembeni ya kitanda, kwa ajili yangu tu maana nilikuwa nimechoka. Nilipofika "mzao wa tumbo lako amebarikiwa", yeye akadaka: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu..." mpaka Amina, bila kukwama. Mdomo umepinda, mate yanamtoka, lakini kila neno liko mahali pake. Tukawa tunasali hivyo kila jioni. Rozari ina matendo, yaani matukio ya Yesu na Maria tunayoyatafakari, kila siku na yake. Na Alhamisi alikataa Matendo ya Mwanga, yale aliyoongeza Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002. Nikiyataja anatikisa kichwa mpaka nirudi kwenye ya Furaha, kama alivyozoea toka usichana.

Sasa sala ya kutunga papo hapo angeitolea wapi mama yule? Ni hayo ya kurudiarudia yaliyombakia, nami siwezi kukubali kwamba Mungu hakuyasikia.

Keshokutwa jumuiya ni zamu yangu. Nimeshamwambia wifi: ukitaka kukaa nasi karibu, hutaki basi uko huru, ila watoto wangu usiwaambie wanaabudu sanamu. Amenuna kidogo, kisha akauliza watakuja watu wangapi, aweke chai sufuria ipi.