Siku moja maishani mwangu: sabuni ya nazi na makopo ya nyumbani

Saa 12 asubuhi. Kabla sijagusa mafuta, naanza na makopo. Kapu limejaa: vikopo vya mtindi (Tanga ni mji wa maziwa, havikosekani), kopo la aiskrimu la lita 2, boksi la juisi, na kipande cha bomba la plastiki alichokiacha fundi wa maji. Naviosha vyote, naviweka juani vikauke kabisa.

Saa 1. Kijana wa jirani anapita akienda shule. "Shikamoo mama, nimekuletea haya." "Marahaba mwanangu, Mungu akubariki." Mfukoni mna makopo ya soda na chupa za maji. Namweleza palepale kwa nini hayo siyatumii kama kalibu, yaani chombo cha kumiminia sabuni igande. Kopo la soda ni alumini, na kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inaila alumini: inachemka povu na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto. Kwa sababu hiyohiyo sufuria zetu nyeupe za kila siku haziingii kwenye kazi hii. Chupa ya maji nayo ni plastiki nyepesi, namba 1. Ikipata joto la sabuni inajikunja. Namwonyesha pembetatu chini ya kopo la aiskrimu, yenye namba ya aina ya plastiki: namba 5, hilo linavumilia. Namba 2 pia.

Boksi la juisi linataka uangalifu. Uzuri wake ni kwamba sabuni ikiganda unalichana tu, hakuna kuhangaika kuitoa. Ila maboksi ya vinywaji vinavyokaa muda mrefu bila friji yana utando wa alumini katikati, umefunikwa na plastiki nyembamba sana. Mkwaruzo mmoja, kostiki imeufikia. Mimi natandika karatasi ya kuokea ndani, pande zote.

Saa 3. Kupima. Mafuta ya nazi kilo 1 yanahitaji takriban gramu 183 za kostiki ili yote yageuke sabuni. Naweka gramu 146 tu, ili sehemu ya tano ya mafuta ibaki. Bila hivyo sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Maji ni gramu 330. Jumla inakaribia kilo moja na nusu, kwa hiyo boksi la lita 1 halitoshi. Nashauri kila anayeanza ajaze kopo maji kwanza ajue linabeba kiasi gani, kisha alikaushe.

Saa 4. Glavu, miwani ya kinga, uani penye upepo, watoto mbali. Kostiki inaingia kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki kamwe, yataruka. Mchanganyiko unapanda joto sana, nausubiri upoe, namimina kwenye mafuta, nakoroga mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Boksi linajaa, kinachobaki kinakwenda kwenye vikopo vya mtindi. Bomba na kopo la aiskrimu vinangoja sabuni ya kesho.

Mchana ni kupika na kusafisha.

Saa 10 jioni. Sabuni ya nazi haingoji kesho. Ikilala usiku kucha inakuwa ngumu mno na kisu kinaivunja pembeni. Nachana boksi wakati bado ina uvuguvugu, nakata vipande kwa glavu mkononi, kwa kuwa kostiki bado haijatulia. Kona zinatoka zimenyooka, na hilo hunifurahisha kila mara. Vikopo vya mtindi naviacha; kesho nitaviweka kwenye friza nusu saa, sabuni itaachia yenyewe.

Saa 12 jioni. Vipande vinapangwa rafuni kwa nafasi, vikae wiki nne hadi sita kabla mtu hajaoga navyo. Nimeandika SABUNI kwa wino mzito kwenye kila kopo. Mama wa nyumba ya pili aliwahi kuniuliza kama la aiskrimu anaweza kuwekea unga baadaye. Hapana, dada. Likishaingia kwangu, halirudi kwenye chakula.